Spana Namba Kumi ya Zimebaki

Mafundi wa mtaa ule wote walikuwa na majina ya kubandikwa, na wengi walibandikwa kwa sifa. Yeye alibandikwa kwa kasoro. Kila alipofumua injini na kuirudisha, palibaki vitu: nati mbili, bolti moja, pete ya washa, siku nyingine kipande cha chuma ambacho hata mwenyewe hakujua kimetoka wapi. Mwenye gari akiuliza, fundi alifuta mikono taratibu, akavitazama vile vitu kama mtu anayetazama wageni wasioalikwa, akasema, "Hizi zimebaki. Gari lako halikuzihitaji." La ajabu ni kwamba gari liliwaka, likaondoka, na mara nyingi halikurudi kabla ya mwezi kuisha. Basi akaitwa Zimebaki. Ilipopita miaka ishirini na miwili hata mkewe alikuwa akimwita hivyo, hasa akiwa amekasirika.

Umri wake ulikuwa miaka arobaini na sita. Alikuwa na kitambi cha wastani na mikono ambayo sabuni ilishaikatia tamaa. Gereji yake ilikuwa kipande cha ardhi kando ya barabara, na siku barabara ilipotanuliwa, gereji ikawa barabara. Alipewa notisi ya siku thelathini. Ishirini na tisa alizitumia kuwaambia watu kwamba hawatathubutu. Siku ya thelathini tingatinga lilikuja, na dereva wake, aliyekuwa mteja wa siku nyingi, akashuka kwa heshima zote akamsaidia kubeba benchi la kazi kabla ya kupanda tena na kuangusha ukuta.

Akakaa nyumbani mwezi mzima. Mwanamume aliyezoea ngurumo za injini akikaa nyumbani huanza kusikiliza yasiyomhusu. Alisikiliza jokofu, akasema linakohoa. Alisikiliza cherehani ya mkewe, ambaye alikuwa mshonaji na ndiye sasa aliyekuwa akiilisha nyumba, akasema mkanda wake umelegea. Mkewe alipotoka kwenda kununua uzi, Zimebaki akaifungua ile cherehani, akaikaza, akairudisha. Ikabaki skrubu moja.

Kesho yake mkewe aliweka fomu mezani, imejazwa kila mahali isipokuwa penye sahihi. Ilikuwa ya chuo cha ufundi wa magari na ndege, kile kilichopakana na kiwanja kidogo cha ndege, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Chuo kilikuwa kimefungua nafasi za mwaka mmoja kwa mafundi wenye uzoefu wasio na cheti. Wangefundishwa magari upya, kisha mitambo inayohudumia ndege zikiwa chini, kisha kazi za mwanzo za ndege zenyewe.

"Mimi nikafundishwe gari?" Zimebaki aliuliza. "Samaki apelekwe shule ya kuogelea?"

"Samaki akiogelea habakizi mapezi," mkewe alijibu. "Weka sahihi."

Akaweka. Alijua kwamba shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mkewe, alikuwa akifundisha katika chuo kile. Asilolijua ni kwamba darasa la mafundi wazoefu lilikuwa lake. Mkewe alilijua vizuri sana, ila alisahau kulisema, na usahaulifu wake ulikuwa wa kuchagua.

Kati ya Zimebaki na shemeji yake kulikuwa na utani wa miaka. Zamani, shemeji akiwa bado msichana wa sekondari, alikuwa akipita gereji akitoka shule, anachuchumaa kando ya injini, anauliza maswali. Hii inafanya nini? Ile ikikatika inakuwaje? Siku moja, mbele ya wateja, Zimebaki akamwambia, "Shemeji, injini si sufuria." Wateja wakacheka. Shemeji alisimama, akapangusa sketi, akaenda zake, na miaka ikapita akarudi na leseni ya ufundi wa ndege yenye mihuri mingi kuliko hati ya nyumba. Tangu hapo, kila wakikutana kwenye shughuli ya ukoo, salamu yake ilikuwa moja: "Shemeji, leo zimebaki ngapi?"

Siku ya kwanza ya darasa aliingia na ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi, kalamu mbili kifuani, akaita majina. Alipofika kwa Zimebaki hakupepesa hata jicho.

"Humu ndani," aliwaambia wote, "sina ndugu, sina jirani, sina mtu aliyenijua nikiwa mdogo. Nina wanafunzi kumi na wanne. Mkinihitaji mniite mwalimu."

"Na nyumbani?" Zimebaki aliuliza, akitafuta wa kucheka naye.

"Nyumbani nitakuja kula Jumapili kama kawaida."

Waliocheka hawakuwa upande wake. Aliyecheka zaidi alikuwa jirani yake wa dawati, mwanamke mwenye mabega mapana aliyeendesha malori miaka kumi na tisa kabla mgongo haujamkataza. Yeye walimwita Mama Tela. "Ukoo wenu una utawala bora," alimnong'oneza.

Kazi ya kwanza ilikuwa kufumua injini ya gari dogo na kuirudisha. Zimebaki alitabasamu, akakunja mikono ya ovaroli. Mwalimu akatandika shuka jeupe sakafuni, akasema kila kitakachotolewa kilazwe juu yake kwa mpangilio na kuandikwa kilipotoka. Zimebaki alifumua haraka kuliko wote, akailaza mali ile yote kama mtu anayeanika nguo mvua inakuja, akairudisha kabla ya wenzake kufika nusu. Akapiga hatua nyuma. Kwenye shuka palikuwa na bolti mbili.

Mwalimu aliziokota, akaziweka kiganjani. "Hizi vipi?"

Darasa zima lilikuwa likimsubiri. Hakuwa na namna. "Hizi zimebaki, mwalimu."

"Waliotengeneza injini hii walikuwa na chuma cha kuchezea?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi fumua."

Alifumua mara ya pili, ikabaki moja. Akafumua mara ya tatu. Ilimchukua siku nne kwa jumla, na siku ya nne, saa nane mchana, alikaza bolti ya mwisho, akageuka, akakuta shuka tupu. Alilinyanyua akachungulia chini yake. Akapapasa mifuko. Alijihisi kama mtu aliyetoka nyumbani akiwa na hakika kuna kitu amekisahau. Mwalimu akapita, akatazama shuka, akaweka alama kwenye daftari lake, akaendelea na safari yake. Nyumbani Zimebaki alijikaza asisimulie. Alijikaza siku mbili; siku ya tatu alisimulia mara tatu katika mlo mmoja, mpaka mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao na kusikia kwa sikio moja tu, akauliza kama huyo aliyefaulu ni mtu wa familia.

Mwezi wa tatu wakahamia banda la ndege. Hapo ndipo Zimebaki alipokutana na ubao.

Ulikuwa ubao mwekundu, mpana kama mlango wa lori, umetundikwa ukutani. Kila kifaa kilikuwa na kivuli chake kilichopakwa rangi nyeusi: spana kwa namba zake, bisibisi, koleo, nyundo, hata tochi. Kila mwanafunzi alikuwa na vibati vyenye namba yake; ukichukua kifaa, unatundika kibati chako mahali pake. Asubuhi vinahesabiwa, jioni vinahesabiwa, na kivuli kimoja kikibaki wazi, hatoki mtu. Kanuni ya pili ilikuwa fupi zaidi. Hakiingii bandani kifaa chochote kisicho cha ubaoni.

"Kwa nini, mwalimu?" Mama Tela aliuliza.

"Gari likikataa, unaliegesha pembeni," mwalimu alisema. "Huko juu hakuna pembeni. Kitu kidogo kikisahaulika ndani ya ndege hakitulii mahali pamoja. Kinatembea. Na chini ya sakafu ya ndege kuna nyaya zinazopita juu ya kapi, rubani ndizo anazoongozea. Kikiingia pale, rubani anavuta usukani, usukani hauji."

Zimebaki alielewa. Hata aliandika. Lakini alikuwa na spana namba kumi ya kwake, ya tangu ujana, aliyoipasha moto na kuipinda kidogo ili ifike pasipofikika, na chuma chake kilikuwa kimelika mahali kidole gumba kinapokaa. Kuishika namba kumi ya chuo, alisema, kulikuwa kama kusalimiana na meneja wa benki: baridi, na hujui ataachia lini. Basi akawa anaitia ile ya kwake katika mfuko mrefu wa ovaroli, ule wa pajani. Mara mbili aliitumia kwa siri. Hakuona dhambi. Mtu haendi vitani na mkono wa kuazima.

Ikafika Alhamisi moja. Shule ya urubani iliyokuwa upande wa pili wa kiwanja ilileta ndege yake ndogo ya viti viwili ifanyiwe ukaguzi. Mwalimu na mafundi wenzake wawili ndio waliokuwa na dhamana, na wanafunzi walisaidia: walifungua vifuniko vya sakafu, wakatoa viti, wakashika taa, wakasafisha, wakafunga. Siku nzima Zimebaki alikuwa amepiga magoti ndani ya kile kijumba cha ndege, akikaza bolti za viti chini ya jicho la mwalimu. Saa tisa ubao ulihesabiwa. Vivuli vyote vilikuwa vimefunikwa. Mwalimu alitia sahihi. Kesho saa moja asubuhi ndege ingeruka na mwanafunzi wa urubani, binti wa miaka kama ishirini ambaye mchana alikuwa akija kula mkate wake kwenye ngazi za banda, akiwaamkia mafundi watu wazima shikamoo bila kumruka hata mmoja.

Zimebaki alibadili nguo, akakunja ovaroli yake mkobani, akaondoka kwa miguu. Alikuwa amefika nusu ya njia, kwenye duka la kuuza matairi yaliyotumika, alipoupapasa ule mkoba kwa mazoea, kama mtu anavyompapasa mtoto wake mgongoni wakivuka barabara. Hapakuwa na uzito.

Aliifungua ovaroli pale pale kando ya barabara. Mfuko wa pajani ulikuwa mtupu. Akageuza mifuko mingine yote, akakung'uta, mwenye matairi akimtazama. Hakuna. Akajaribu kukumbuka: leo niliitumia? Na hapo ndipo jasho lilipomtoka, kwa sababu hakujua. Siku nzima alikaza namba kumi. Ilikuwa ya ubaoni? Ilikuwa yake? Mkono wake ulikuwa umezoea kuchomoa na kurudisha bila kumwomba kichwa ruhusa.

Akampigia simu mkewe. Mkewe akaangalia chumbani, akaangalia kibarazani, akaangalia chini ya kitanda. "Sijaiona. Nikimwuliza mama? Amelala usingizi wake wa mchana."

"Mwache alale. Mama atajua nini habari za spana?"

Akasimama. Mawazo yakaanza kumjia, na yote yalikuwa ya kirafiki. Ubao umehesabiwa, umetimia. Hakuna anayedai spana. Huenda imedondoka njiani. Huenda hukuitumia. Na fikiria huyo shemeji: miaka yote hii anakuuliza zimebaki ngapi, leo umpelekee mwenyewe jibu mkononi? Hilo litasimuliwa kwenye harusi za wajukuu. Akapiga hatua tatu kuelekea nyumbani. Kisha akaona, bila kutaka, mikono ya yule binti ikivuta usukani, na usukani usije.

Akageuka. Hakukimbia mwanzoni, maana alijiambia hakuna haja. Alipofika kwenye kona ya kiwanja alikuwa anakimbia, na kitambi kinamfuata nyuma kwa malalamiko.

Mwalimu alikuwa anafunga kufuli.

"Mwalimu," Zimebaki alisema, akihema, "naomba usifunge."

"Umesahau nini?"

"Nilikuwa na spana yangu mfukoni. Namba kumi. Ya nyumbani. Siioni."

"Ulikuwa nayo ndani ya ndege?"

"Sijui."

"Uliitumia?"

"Sijui, mwalimu. Ndiyo maana nimerudi. Ningejua nisingerudi, au ningerudi nikiwa nimeishika."

Alingoja mzaha. Alikuwa ameshajipanga kwa mzaha njia nzima. Mwalimu hakusema kitu. Alimtazama tu, uso umetulia, halafu akafungua kufuli, akawasha taa, akachukua utepe mwekundu wenye maandishi ya USIRUSHE akautundika kwenye propela. Ukimya ule ulimchoma Zimebaki kuliko mizaha yote ya miaka hiyo.

Simu zikapigwa. Mafundi wawili wakarudi. Mama Tela, aliyekaa jirani, akaja na kanga kiunoni na ovaroli juu yake. Vifuniko vya sakafu vilivyofungwa kwa kutwa nzima vikaanza kufunguliwa kimoja kimoja. Mkuu wa shule ya urubani, ambaye wote walimwita Kapteni, akaja amekasirika na kalamu mdomoni. Alikuwa na tabia ya kuitafuna akiwa na hasira, na kalamu ile ilionekana imeishi naye miaka ya tabu.

"Nina ratiba," alisema. "Ninyi mnafundisha watu wazima kuhesabu spana, na bado inapotea? Ndege yangu siyo sanduku la fundi. Kwangu hakijawahi kusahaulika kitu, hata sindano."

Zimebaki alikuwa amelala kifudifudi, mkono umeingia chini ya sakafu mpaka begani, tochi ameing'ata kwa meno. Mama Tela ndiye aliyekuwa upande wa mkia, na yeye ndiye aliyesema, "Hapa kuna kitu."

Wote wakasogea. Alikitoa kwa vidole viwili, akakiweka kiganjani mwa mwalimu. Hakikuwa spana. Kilikuwa kifuniko cha kalamu, cha buluu, kimetafunwa mpaka kimekuwa bapa, na kilikutwa shubiri moja kutoka kwenye kapi.

Mwalimu alikigeuza polepole kwenye mwanga. Kisha akatazama kalamu ya Kapteni, iliyokuwa ya buluu na haikuwa na kifuniko. Kapteni naye akaitoa mdomoni, akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana.

"Ratiba," Kapteni alisema, "inaweza kusogezwa."

Akavua koti, akashika tochi ya pili.

Walitafuta mpaka saa kumi na mbili na spana haikuonekana. Asubuhi ya Ijumaa wakaendelea. Saa moja yule binti wa urubani alifika na vifaa vyake vya masikioni vikining'inia shingoni, akakuta ndege yake imefumuliwa kama kuku wa karamu. Akauliza ina nini. Mafundi wakatazamana. Zimebaki akajifuta mikono, akamwendea, akamweleza mwenyewe tangu mwanzo, pamoja na habari ya mfuko wa pajani. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo huenda imo, huenda haimo?"

"Ndivyo."

"Basi nitasubiri, baba," alisema, akaketi kwenye ngazi, akafungua mkate wake.

Hadi mchana kila kona ilikuwa imepekuliwa mara mbili. Mwalimu akafunga daftari. "Tumemaliza hapa. Sasa twende nyumbani kwako. Nataka kuona hiyo ovaroli hutundikwa wapi."

Wakaenda wote wawili kwa miguu. Shemeji aliingia nyumbani kwa dada yake siku ile kama mkaguzi wa serikali. Alipima kwa macho, akauliza, akaandika. Msumari wa kutundikia ni huu? Nani hupita hapa? Alhamisi uliivaa ovaroli saa ngapi? Uliigusa ile spana kabla ya kutoka? Zimebaki akajibu kila swali, na kadiri alivyojibu ndivyo alivyogundua kwamba mara ya mwisho anayoikumbuka kwa hakika ni Jumatano jioni. Mkewe aliacha kushona. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kuegemea kando ya dirisha, mikono imekunjwa, akifuatilia midomo yao.

"Mnatafuta nini nyie?" aliuliza mwishowe.

"Spana, mama," binti yake mdogo alimwambia kwa sauti ya juu. "Ya shemeji. Namba kumi, imepinda kidogo."

"Mbona hamkuniuliza?" Bibi akaingiza mkono chini ya mto aliokalia, akaitoa. "Si hii?"

Wote wakaikodolea macho. Hata cherehani ilionekana kusikiliza.

"Wiki tatu," bibi aliendelea, "namwambia mkwe wangu, baba, kiti kinayumba. Ananijibu kwa adabu, kesho, mama. Mtu mwenye adabu sana. Jana alfajiri nikaona hii mkono wake unachungulia mfukoni. Nikaichukua nikakaza mwenyewe. Sasa hakiyumbi." Akajitikisa kuwaonyesha. Kisha akafungua kiganja kingine. "Ila hii nati moja ilibaki. Sikujua pa kuiweka."

Mkewe Zimebaki aliinuka haraka akaingia jikoni, na kilichosikika kutoka jikoni hakikuwa kikohozi. Shemeji alikaa chini kwenye kigoda, daftari magotini, akaiangalia ile nati, akamwangalia mama yake, akamwangalia mume wa dada yake. Mganga hajigangi, watu husema. Huyu hata kiti cha mkwewe kilimshinda.

"Mama," alisema, "umesimamisha ndege siku nzima."

"Ndege gani? Mimi sijatoka hapa."

Jumatatu Zimebaki aliitwa kwa mkuu wa chuo. Mkuu alikuwa mtu wa maneno ya kupima, miwani anaiweka kwenye paji la uso na kusahau ilipo. Mwalimu alikuwa amekwisha kuandika taarifa, kurasa mbili, na mkuu aliisoma yote kwa kuishika mbali kabisa na macho.

"Hapa pana shahidi," alisema, "ameandikwa 'Mama, mwenye kiti'. Sina swali naye." Akageuza ukurasa. "Mwanafunzi aliingiza kifaa kisichoruhusiwa. Kanuni inasema aondolewe chuoni. Mwalimu, una la kusema?"

"Ninalo. Aliyeingiza spana aadhibiwe. Aliyerudi kusema asiguswe."

"Ni mtu mmoja huyo."

"Ndiyo shida yenyewe, mkuu."

Mkuu alitafuta miwani yake mezani, akaikosa, akamgeukia Zimebaki. "Ubao ulikuwa umetimia. Hakuna ambaye angejua. Ulirudi kwa nini?"

Zimebaki alikuwa ameandaa jibu zuri lenye neno uwajibikaji ndani yake. Likampotea. "Nilirudi kwa sababu sikujua," alisema. "Gereji nilikuwa nikisema najua, hata nisipojua. Mteja hataki fundi asiyejua. Siku ile nilijaribu kusema najua haimo, ikakataa kutoka mdomoni."

Walimpa onyo la maandishi, wiki moja ya kufagia banda bila kugusa ndege, na kwa muda wote uliobaki wa mwaka, awe mtunza ubao. Vifaa vyote viwe juu yake. Kikikosekana kimoja, aulizwe yeye kwanza.

Nje, kwenye ukumbi mwembamba, shemeji yake alisimama kumsubiri. Alikuwa ameegemea ukuta, kwa mara ya kwanza akionekana amechoka.

"Mwaka wangu wa pili nilipoteza bisibisi," alisema. "Nilinyamaza kutwa nzima. Nilikuwa msichana peke yangu darasani. Niliona nikisema watanicheka. Ikapatikana jioni, haikuwa ndani ya ndege, hakuna aliyejua. Lakini ile kutwa, shemeji, sitaisahau. Wewe ulikaa nayo muda gani?"

"Tangu duka la matairi mpaka hapa."

"Umenishinda."

Zimebaki alitazama viatu vyake. "Lile la sufuria," alisema, "nililosema zamani. Nilikosea."

"Sijasikia. Kuna injini inanguruma huko nje."

Hakukuwa na injini yoyote. "Nimesema nilikosea," alirudia, kwa sauti ya kusikika mpaka ofisi ya mkuu.

"Hiyo ya kwanza niliisikia," shemeji alisema, akajitoa ukutani. "Ya pili ilikuwa ya kumbukumbu. Ufagio uko nyuma ya mlango."

Akafagia wiki nzima. Jumanne ndege ikaruka na yule binti, na Zimebaki akaacha ufagio akatoka nje kutazama mpaka ikarudi kutua, na alipogundua kwamba Mama Tela anamtazama, alisema anaangalia kama mvua itanyesha. Mwisho wa mwaka akafanya mtihani. Katika vitendo alikuwa wa pili baada ya Mama Tela. Katika nadharia alikuwa wa pili kutoka mwisho, na alimshukuru Mungu kwa huyo wa mwisho. Cheti kikatolewa, na mwezi uliofuata akaajiriwa kiwanjani kutengeneza matrekta yanayovuta ndege na ngazi za abiria.

Vijana anaofanya nao kazi wanamlalamikia sana. Wanasema fundi mzee hana haraka ya kwenda nyumbani. Kazi ikiisha anasimama mlangoni, anahesabu spana, anahesabu bisibisi, anahesabu tena, na hatoki mtu. Juzi mmoja wao alimpelekea mke wa Zimebaki nguo ya kushonwa, akaona amshitakie kwa upole: mama, tusaidie, mzee anatuchelewesha kila siku.

Mkewe hakuinua macho kwenye cherehani. "Ninyi mna afadhali," alimwambia. "Mimi ananihesabia vijiko. Jumamosi kilikosekana kimoja, tukafika harusini watu wanakunja viti."